John Howard, aliyehesabu wafungwa jela kwa jela

Wengi wetu tuna jamaa au jirani aliyewahi kulala rumande. Jaribu kuuliza jela fulani ina mahabusu wangapi leo, na wangapi kati yao wanangoja kesi tu, uone utakavyozungushwa. Kwa hiyo leo namleta Muingereza mmoja aliyelichukua swali hilo akalijibu kwa miguu yake na mali yake. Jina lake ni John Howard, aliyezaliwa mwaka 1726.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri wa London, na alipokufa alimwachia kijana urithi wa kutosha. Mnamo 1755 Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ulibomolewa na zilizala. Howard akapanda meli kwenda huko, lakini kabla hajafika, chombo kilitekwa na Wafaransa na abiria wakatiwa jela mjini Brest. Baadaye alibadilishwa na afisa wa Kifaransa akarudi kwao. Akaoa, akatulia kijijini Cardington, na kuwajengea wapangaji wake nyumba nzuri.

Mwaka 1773 aliteuliwa kuwa sherifu wa Bedfordshire. Alikuwa Mkristo wa madhehebu yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza, na sheria za wakati ule ziliwabana watu kama yeye wasishike vyeo vya serikali. Alikikubali hivyo hivyo. Tena masherifu waliomtangulia hawakuwa na haja ya kukanyaga jela; yeye akaingia.

Alichokikuta Bedford ni hiki. Mkuu wa jela hakuwa na mshahara. Alikula kwa ada anazotoza wafungwa wenyewe, na mtu aliyeshinda kesi, hana hatia yoyote, alirudishwa ndani mpaka alipe ada ya kutoka. Howard akawaomba mahakimu wa jimbo wamlipe mkuu wa jela mshahara. Wakamwambia awaonyeshe kwanza jimbo jingine linalofanya hivyo. Nadhani walitaka kumchosha tu. Akapanda farasi akaenda majimbo ya jirani kutafuta mfano, asiupate, na dhuluma ile ile akaikuta kila mahali.

Mwaka 1774 aliitwa Bungeni kutoa ushahidi, na mwaka huo huo zikapitishwa sheria mbili: moja ya kuwaachia walioshinda kesi bila ada, nyingine ya kulinda afya za wafungwa. Hakuziamini zitajitekeleza. Alichapisha nakala kwa pesa zake akazituma jela zote, halafu akarudi mwenyewe kutazama kama zinafuatwa.

Hapo ndipo daftari lake lilipokuwa na kazi. Kila jela aliandika jina la mkuu wake, ada anazotoza, chakula anachopewa mfungwa, kama kuna tabibu, ukubwa wa vyumba kwa vipimo, na idadi ya waliomo siku ile, kwa tarehe. Akirudi baada ya mwaka, aliandika idadi mpya kando ya ile ya zamani. Uvundo ulimganda nguoni hata hakuweza kukaa ndani ya gari lililofungwa. Alisafiri juu ya farasi. Daftari lenyewe alilianika mbele ya moto kabla ya kulitumia.

Kitabu kikatoka 1777, chenye majina na hesabu wazi kwa yeyote ajuaye kusoma. Hesabu yake ya mwaka uliotangulia ilionyesha wafungwa 4,084 katika Uingereza na Wales. Wenye makosa makubwa walikuwa 994 na wenye makosa madogo 653. Waliobaki, watu 2,437, walikuwa wadaiwa tu, karibu 6 katika kila 10! Na katika jela nyingi mwizi alipewa mkate, mdaiwa hakupewa. Mtu angeweza kubishana na huruma ya Howard, lakini si na namba zile.

Sisi wa Mombasa jambo hili halituko mbali. Ngome ya Yesu, tunayowapeleka watoto wakaitalii, Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Na tangu 2016 Kenya tuna sheria inayompa mwananchi haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Hesabu ya mahabusu ni taarifa kama nyingine.

Howard aliendelea hadi Urusi na Uturuki. Izmir alichagua makusudi meli yenye shaka ya tauni, ili afungiwe karantini Venice ajionee hali ilivyo. Nyumbani kwake, lakini, mambo yalikuwa mabaya. Mkewe alikufa 1765 baada tu ya kujifungua, na mwana akakua baba akiwa safarini, mwisho akapatwa na wazimu. Hilo mimi siwezi kulipita kimya, hata kwa mtu ninayemsifu.

Alikufa Kherson tarehe 20 Januari 1790 kwa homa aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa. Akiwa hai, watu walichanga pesa wamjengee sanamu naye akakataa; alipokufa wakaisimamisha katika kanisa la St Paul's, London. Serikali yenyewe ilingoja hadi 1835 ndipo ikaajiri wakaguzi watano wa kuzunguka jela na kuandika ripoti za kupelekwa Bungeni, kazi ambayo yeye aliifanya bila kulipwa hata senti.