Wissmann na Stima ya Ziwa Nyasa: Silaha Kubwa Ni ya Nani?

Mataifa yenye nguvu yamekuwa yakijiuliza kwa miaka mingi swali moja: silaha iwezayo kuamua vita kwa siku moja iwekwe chini ya nani? Urusi ya Kisovyeti ilijibu tarehe 17 Desemba 1959 kwa kuyatenga makombora yake ya masafa marefu na kuyaundia jeshi lake lenyewe, lisilo la nchi kavu, wala la anga, wala la majini. China ilifanya mfano wa hayo mwaka 1966, na kikosi chake kikawekwa moja kwa moja chini ya Kamati Kuu ya Kijeshi. Marekani iliyagawa: yarushwayo kutoka ardhini yakawa ya jeshi la anga, na yale ya nyambizi yakawa ya jeshi la majini.

Yawezekana msomaji akadhani kwamba mambo hayo hayatuhusu sisi. Lakini ndugu zetu wa Unguja wanaikumbuka Tunguu, ambako Wamarekani walijenga kituo cha kufuatilia vyombo vya angani kati ya mwaka 1960 na 1964. Vyombo hivyo vilivyozunguka dunia vilipandishwa na roketi ya Atlas, ambayo asili yake ni kombora la vita, na wananchi wengi waliandamana kwa kuhofia kwamba kisiwa chao kitakuwa shabaha. Baada ya Mapinduzi kituo hicho kiliondolewa. Na huku kwetu, kutoka Ngana na mto Songwe hadi Liuli, swali hilo lilifika mapema zaidi, nalo lilikuja kwa umbo la stima moja. Yafaa basi tukumbuke maisha ya mtu aliyeileta.

Hermann Wissmann alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 katika mji wa Frankfurt kando ya mto Oder. Aliingia jeshini angali kijana, akapata cheo cha luteni, na huko Rostock akakutana na msafiri Paul Pogge. Mwaka 1880 wawili hao waliondoka kwenda Afrika. Wissmann alianza safari Luanda, upande wa magharibi, na mwishoni mwa mwaka 1882 akatokea Saadani, kwenye pwani yetu. Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika nchi ya Kasai, kisha akavuka bara kwa mara ya pili, akifika Quelimane mwaka 1887. Hivyo alipokuwa na umri wa miaka 34 alikuwa amekwisha kuijua njia ya Ziwa Nyasa kuliko Wajerumani wengi wa wakati wake.

Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama kuikataa Kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imekodi mrima kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Kampuni ilishindwa. Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2 mwanzoni mwa mwaka 1889, na Kansela Bismarck akamtuma Wissmann kuwa mjumbe wa Kaizari. Hapa ndipo lilipoanza jambo ambalo watumishi wa serikali wanapaswa kulitazama kwa makini. Jeshi alilokuja nalo halikuwa jeshi la taifa. Maofisa wake waliondolewa kwanza katika jeshi la Ujerumani. Askari wake, Wasudani walioajiriwa Misri na Wazulu walioajiriwa Msumbiji, walifunga mkataba na Wissmann mwenyewe. Fedha zilikuwa za Bunge, bendera ilikuwa ya Kaizari, lakini bunduki zilimtii mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa na mizinga midogo na bunduki ya rashasha ya Maxim, silaha ambazo Abushiri bin Salim na wenzake hawakuwa na za kulingana nazo. Boma la Abushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa tarehe 8 Mei 1889, naye mwenyewe akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri mwezi Aprili 1890. Ujerumani ilimpandisha Wissmann cheo na kumpa heshima ya ukabaila. Pwani ilibaki na makaburi na miji iliyoungua.

Sheria ya tarehe 22 Machi 1891 ililichukua jeshi hilo la mtu na kulifanya jeshi la dola. Hata hivyo halikuingizwa katika jeshi la nchi kavu la Ujerumani, bali liliwekwa chini ya ofisi ya majini mjini Berlin, na Gavana akapewa neno katika matumizi yake. Wissmann hakupewa ugavana. Alipewa raia, Julius von Soden. Miezi michache baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, kamanda mpya Zelewski aliongoza kikosi chake hadi Lugalo, na majeshi ya Mkwawa yakakiangamiza pamoja naye.

Wakati huo Wissmann alikuwa ameshika kazi nyingine, nayo ndiyo iliyomleta kwetu. Chama cha Wajerumani cha kupinga biashara ya utumwa kilikusanya fedha kwa bahati nasibu ili ipatikane stima ya kutia katika maziwa makuu. Vipande vya meli vililetwa kwa njia ya mto Zambezi na Shire, na penye maporomoko vikabebwa na wapagazi wa Kiafrika. Mwaka 1893 stima hiyo ilielea, ikapewa jina lake, na kituo cha Langenburg kikajengwa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Ilisemekana kuwa ni chombo cha kuwakomboa watumwa. Kwa kweli ilikuwa pia chombo cha utawala: mwenye meli yenye mzinga katika ziwa lenye mitumbwi tu ndiye aliyeweza kupeleka askari po pote ufukoni kabla habari hazijatangulia.

Mwaka 1895 Wissmann alirudi akiwa Gavana. Alikuta mamlaka yamegawanywa. Uongozi wa askari ulikuwa mikononi mwa kamanda, Lothar von Trotha, yule ambaye mwaka 1904 aliwaangamiza Waherero katika Afrika ya Kusini Magharibi. Mtu aliyekuwa na jeshi lake mwenyewe sasa alikuwa na nchi bila jeshi. Afya yake nayo ilikuwa imevunjika. Mwaka 1896 aliondoka, asirudi tena kutawala. Alikufa tarehe 15 Juni 1905 huko Austria kwa bunduki yake mwenyewe katika ajali ya uwindaji, mwezi mmoja tu kabla Vita vya Maji Maji havijaanza.

Stima yake iliishi kuliko yeye. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza Ulaya. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaja chini ya Kamanda Rhoades, rafiki yake wa siku zote, ikaipiga mzinga na kuiharibu. Kwa saa chache hizo ziwa zima likawa la Waingereza. Wajerumani walipovuka Songwe kwenda Karonga, wakashindwa tarehe 9 Septemba 1914, hawakuwa na chombo cha kuwasaidia majini. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Tukuyu, na maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili za mto wakabeba mizigo ya vita visivyo vyao.

Maisha ya mtu huyu yanatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba silaha kubwa isiyo na mwenyewe anayejulikana kwa sheria humfuata mtu, na mtu hutenda atakavyo. Na silaha yenye wenyewe wawili huzaa ugomvi, kama alivyougua Wissmann kwa Trotha. Ndiyo maana dola zenye makombora zinahangaika na swali lile lile hadi leo. La pili ni kwamba nguvu iliyotegemea chombo kimoja ilikwisha kwa mzinga mmoja.

Sanamu ya Wissmann iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909 ilihamishiwa Hamburg, na wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Lakini mpaka ulioandikwa na Wajerumani na Waingereza tarehe 1 Julai 1890, ukafuata ufuko badala ya maji, bado ni mjadala kati yetu na ndugu zetu wa Malawi. Wanaozungumza juu yake hawana budi kukumbuka kwamba mvuvi wa Kyela na mvuvi wa Karonga hawakuwahi kuulizwa. Safari hii waulizwe, na ziwa lisiwe tena la mwenye mzinga.