Mtakatifu Augustino na Aya Zilizonyofolewa

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Ujanani aliwafuata Wamanikeo kwa muda wa miaka tisa hivi. Hao walikuwa hodari wa kunyofoa maneno ya Agano la Kale na kuyagombanisha na Injili. Kitabu cha Mwanzo chanena kwamba Mungu alipumzika siku ya saba. Yesu, katika Yohane, anena kwamba Baba yake angali akifanya kazi. Basi, wakasema, Mungu wa Musa siye Baba wa Yesu. Hoja nyepesi, lakini ilinasa hata wasomi.

Faustus, mwalimu wao mashuhuri, alishindwa kuyajibu maswali yake. Huko Milano akamsikia Askofu Ambrosi akilifafanua Agano la Kale, akabatizwa naye mwaka 387.

Alipokuwa padre wa Hippo aliijibu hoja ile: Mungu alipumzika katika kuumba, wala hakuacha kuvitunza alivyoviumba. Na tuisome sura yenyewe ya Yohane: Yesu alisema vile alipoudhiwa kwa sababu ya kumponya mgonjwa siku ya Sabato.

Alipokuwa askofu aliwaandikia Wamanikeo akiahidi kuwavumilia, maana yeye mwenyewe alikwisha kupotea pamoja nao. Alifariki mwaka 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji wake.