Hammarskjöld na kofia ya bluu

Kijana wa JWTZ akipangiwa Kongo, mtaani hapa Mwanza tunasema kaenda kulinda amani. Sawa, sasa bunduki ya nini? Swali hilo lilimkuta Dag Hammarskjöld kabla yetu.

Msweden huyu, mchumi, alizaliwa 1905 na akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa 1953. Vita vya Suez vilipozuka 1956, kofia za bluu zilizaliwa chini yake: silaha nyepesi, risasi za kujihami tu. Pale ilikubali.

Kongo ndiyo iliyomtoa jasho. Julai 1960 alipeleka vikosi kwa masharti yale yale. Katanga ilikuwa imeshajitenga. Januari 1961 Lumumba akauawa, na kofia za bluu zipo! Februari Baraza la Usalama likaruhusu nguvu kama njia ya mwisho, na Septemba 13 askari wake wakawa wanapigana mitaani Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mlinzi kageuka mpiganaji. Akapanda ndege kwenda kuonana na Tshombe wasimamishe mapigano. Usiku wa kuamkia Septemba 18 ikaanguka karibu na Ndola. Nobel alipewa akiwa kaburini.

Uchunguzi wa kifo chake alikabidhiwa Jaji Mkuu wetu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Na brigedi iliyotumwa Kongo 2013, safari hii na ruhusa kabisa ya kushambulia waasi, kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Desemba 2017, kambini Semuliki, wakauawa askari wetu wasiopungua 14.