Kaluza na mwelekeo wa tano

Hebu fikiria mtu anafundisha chuo kikuu karibu miaka 20 bila mshahara wa kudumu, anategemea ada ya wanafunzi wanaoingia darasani kwake. Wakija wachache, imekula kwake. Vijana wa Kisauni wanaoishi kwa vibarua watamwelewa haraka. Jamaa huyo ni Theodor Kaluza, Mjerumani aliyezaliwa 1885. Alifundisha hesabu Königsberg, mji ambao leo uko Urusi kwa jina la Kaliningrad.

Mwaka 1919 alimwandikia Einstein. Einstein alikuwa ashaeleza graviti kwa mielekeo 4: urefu, upana, kimo na wakati. Kaluza akaongeza wa 5, akapiga hesabu, na kanuni za umeme na sumaku zikachomoza zenyewe mle mle. Einstein alifurahi, halafu akaingiwa na shaka. Makala yakalala hadi 1921. Miaka 2 wangoja neno la mkubwa, na nyumbani una familia!

Sasa mwelekeo wenyewe uko wapi? 1926 Oskar Klein wa Sweden alisema umejikunja, mdogo kupita kiasi. Simama Likoni utazame kamba ya meli ng'ambo: waona mstari tu. Sisimizi aliye juu yake ajua kamba ina mzunguko.

Kaluza mwenyewe hakuwa akiwaza maada giza, ile isiyotoa mwanga lakini ni kama asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni. (Pwani yetu imo kwenye hadithi hii: setilaiti Uhuru, iliyorushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliona gesi ya moto mno kwenye makundi ya galaksi. Bila uzito uliofichika, gesi hiyo ingetoroka.) Waliokuja baadaye ndio waliounganisha: chembe inayozunguka kwenye mwelekeo uliojikunja, kwetu ingeonekana nzito, na huenda ndiyo maada giza.

Mwanawe alisimulia kwamba Kaluza alijifunza kuogelea kwa kusoma kitabu, akajitosa majini, akaelea. Mtu wa pwani atacheka, ila ndivyo alivyoiamini nadharia.

Kazi ya uprofesa aliipata Kiel mwaka 1929, Einstein akiwa amempigia debe, kisha Göttingen 1935. Alifariki Januari 1954. Chembe zile zimetafutwa kwa mashine kubwa ya CERN kule Geneva, na hadi leo hazijaonekana.