Callimachus wa Cyrene, Mtunza Vitabu

Katika Injili imeandikwa habari ya Simoni wa Kirene, yule aliyelazimishwa kuuchukua msalaba wa Yezu. Mji wake, ambao kwa Kigiriki uliitwa Cyrene, ulikuwa Afrika ya kaskazini, katika nchi iitwayo leo Libya. Wagiriki waliovuka bahari waliujenga zaidi ya miaka 600 kabla ya kuzaliwa Kristu. Katika mji huo huo, yapata mwaka 310 kabla ya Kristu, alizaliwa Callimachus, mtungaji wa mashairi na mtu wa elimu nyingi.

Jamaa yake ilikuwa ya heshima. Babu yake, aliyeitwa pia Callimachus, alikuwa jemadari wa vita, na ukoo ulijihesabu kuwa uzao wa Battus, aliyeujenga mji. Lakini heshima ya babu haimshibishi mjukuu. Callimachus alikwenda Misri, katika mji wa Alexandria, akawa mwalimu katika kitongoji kimoja kiitwacho Eleusis. Hapo aliwafundisha watoto kusoma na kuandika. Ni kazi isiyo na fahari, tena yataka uvumilivu kila siku.

Zamani zile Misri ilitawaliwa na wafalme wa Kigiriki, wote wakiitwa Ptolemaeus. Wafalme hao walijenga Alexandria nyumba ya wataalamu, wakaiwekea maktaba, yaani nyumba ya vitabu, kubwa kupita zote zilizoitangulia. Walitaka vitabu vyote vya Wagiriki vikusanyike mahali pamoja. Galenus, mganga mashuhuri aliyeishi baadaye, anasimulia kwamba hata merikebu zilizotia nanga bandarini zilipekuliwa. Kitabu kilichoonekana kilichukuliwa na kunakiliwa. Mwenyewe akarudishiwa nakala, na kile chake cha asili kikabaki kwa mfalme. Katika mji huo huo, na katika karne hiyo hiyo, Wayahudi walianza kuifasiri Torati kwa Kigiriki. Tafsiri hiyo, iitwayo ya Sabini, ndiyo waliyoisoma Wakristu wengi wa kwanza.

Mfalme Ptolemaeus wa pili, aliyetawala hata mwaka 246 kabla ya Kristu, alisikia habari za mwalimu yule, naye akaingia katika kazi ya maktaba. Humo alikuta utajiri mwingi na taabu nyingi. Vitabu vya siku zile havikuwa na kurasa zilizoshonwa kama vya leo. Watu walikata mafunjo yaotayo kando ya mto Nile, wakapasua mashina yake kuwa vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigandamiza na kuvikausha. Karatasi hizo ziliungwa moja na moja, zikakunjwa kuwa gombo refu. Kitabu kimoja kikubwa kiliweza kujaza magombo mengi.

Basi, maelfu ya magombo yalilundikana. Mengine hayakuwa na jina la kitabu. Mengine yalikuwa na jina la mwandishi, lakini waandishi wawili au watatu waliitwa jina lile lile. Tena walikuwako watu wa hila walioandika maneno yao wenyewe, wakayatia jina la mtu maarufu. Aliyetaka kusoma kitabu fulani angeweza kutafuta siku nyingi asikione. Na kitabu kisichoonekana chafaa nini? Ni kama mbegu iliyosahauliwa darini: ipo, wala haimlishi mtu.

Callimachus alijifunga kibwebwe. Aliandika orodha kubwa ya waandishi wa Kigiriki na kazi zao, akaiita Pinakes, maana yake Vibao. Orodha hiyo ilijaza magombo 120. Kwanza aliwagawanya waandishi kwa mafungu: wasemaji wa barazani mbali, wanafilosofia mbali, waganga mbali, waandishi wa historia mbali, watungaji wa mashairi kwa namna zao. Hata waliofundisha kutengeneza mikate ya karamu walipewa mahali pao. Kisha kwa kila mmoja aliandika jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa na mwalimu aliyemfundisha. Chini yake alitaja vitabu vyake, akiandika maneno ya kwanza ya kila kitabu na hesabu ya mistari yake.

Faida ya mpango huo yaonekana upesi kwa mtu aliyekwisha kuona daftari ya ubatizo katika misioni. Wako Petro wengi na Maria wengi. Lakini jina la baba na la kijiji laonyesha ni Petro gani na Maria gani. Vivyo hivyo waandishi wawili wenye jina moja hawakuweza tena kuchanganywa. Maneno ya kwanza yalimjulisha msomaji kitabu kisicho na jina, na hesabu ya mistari ilimjulisha kama gombo limepunguka. Kabla yake hakuna aliyefanya kazi ya namna hii kwa vitabu vya Wagiriki kwa ukubwa huo, na wataalamu waliomfuata walijengea juu ya msingi wake.

Hata hivyo hakupewa ukubwa wa maktaba. Majina ya wakuu wake wa kwanza yameonekana katika karatasi moja ya kale: yumo Apollonius, yumo Eratosthenes, naye pia mtu wa Cyrene. Callimachus hahesabiwi humo kuwa mkuu. Cheo walipata wengine, kazi ilikuwa yake.

Zaidi ya hayo alitunga mashairi. Watu wa wakati wake walipenda tenzi ndefu za vita na mashujaa, wakamlaumu kwa kuwa hakutunga za namna hiyo. Yeye alijibu kwamba uzuri wa shairi haupimwi kwa urefu wake. Alipenda shairi fupi, lililosafishwa neno kwa neno. Katika vitabu vinne viitwavyo Aetia, yaani Sababu, alieleza asili ya desturi na sikukuu za Wagiriki. Alizisifu pia kwa nyimbo sita miungu yao, maana aliishi kabla ya Injili kuhubiriwa.

Utenzi wake mmoja waitwa Hecale, jina la mwanamke mzee na maskini. Theseus, shujaa wa Athene, alikuwa akienda kumkamata fahali mkali. Mvua kubwa ikamkuta njiani, akakimbilia kibanda cha mzee yule. Hecale hakumjua, lakini alimkaribisha, akampa mkate na zeituni na mboga za porini, alivyokuwa navyo. Kesho yake Theseus alimshinda fahali, akarudi kumshukuru. Kumbe, mzee alikuwa amekwisha kufa. Shujaa alimlilia, akaagiza jina lake likumbukwe siku zote mahali pale. Mtungaji mwingine angalisimulia zaidi habari za fahali. Callimachus alisimulia kwa urefu mapokezi ya kibandani.

Alikufa yapata mwaka 240 kabla ya Kristu. Kamusi moja ya Kigiriki ya karne ya 10 yasema aliandika vitabu zaidi ya 800. Wakristu nao walimsoma. Klementi wa Alexandria, mwalimu wa Kanisa la kale, anamtaja katika maandiko yake. Mwisho wa karne ya 12 Mikaeli Choniates, askofu mkuu wa Athene, bado aliisoma Hecale. Baada ya siku zake vita viliharibu miji na vitabu, na nakala nzima haikujulikana tena. Pinakes pia ilipotea. Yule aliyevilinda vitabu vya watu visipotee, vyake mwenyewe vilipotea karibu vyote. Zilibaki nyimbo sita na mashairi mafupi yapata sitini.

Lakini mwisho wa mwaka 1896 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walianza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus huko Misri. Katika takataka walitoa vipande vingi vya magombo, na mwaka 1910 kikapigwa chapa kipande kikubwa cha Aetia. Vingine vilifuata. Vipande hivyo vilijulikana kuwa vya nani kwa sababu waandishi wa kale walikuwa wametaja maneno ya Callimachus pamoja na jina lake. Hivyo alitendewa na wengine jambo lile lile alilowatendea wengine: waliliandika jina lake karibu na kazi yake. Jambo hilo ni dogo, hata mwalimu wa kitongoji aliweza kulianza. Nalo limezishinda karne zaidi ya ishirini.