Thorleif Schjelderup-Ebbe

Thorleif Schjelderup-Ebbe (Kristiania, 12 Novemba 1894 – Oslo, 8 Juni 1976) alikuwa mwanazuolojia kutoka nchi ya Norwei. Anajulikana hasa kwa kugundua ngazi ya kudonoana kwa kuku, yaani utaratibu wa nani humdonoa nani.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Axel Ebbe na Menga Schjelderup, walikuwa wachongaji wa sanamu. Tangu utotoni alivutiwa na kuku, akawa anaandika daftarini jinsi walivyotendeana.

Utafiti

Anayetazama kuku wakila huona fujo tu. Schjelderup-Ebbe aliona mpangilio. Mitetea wawili wasiofahamiana wakikutana, hupigana, au mmoja hukubali kushindwa bila vita. Tangu hapo mshindi humdonoa mwenzake na kumtangulia kwenye chakula. Ngazi hiyo si lazima inyooke: A anaweza kumdonoa B, B akamdonoa C, na bado C akamdonoa A.

Hapo ndipo penye uzito wa ugunduzi wake. Kuku hawezi kujua amkimbie nani bila kumtambua kila mwenzake mmojammoja. Ndiyo maana aliyetengwa na kundi kwa wiki kadhaa hupokewa kama mgeni, na ugomvi huanza upya. (Aliyewahi kuingiza kuku mpya bandani anaijua vurugu hiyo.)

Utambuzi huo hutegemea sana macho. Mwaka 1953 wataalamu wa Marekani, Guhl na Ortman, walibadilisha sura za kuku kwa kutia rangi manyoya na kugeuza umbo la undu, ile nyama nyekundu ya utosini. Mabadiliko ya kichwani na shingoni yaliwachanganya kuku wenzao kuliko yale ya kiwiliwili.

Matatizo ya kazi

Makala yake mashuhuri kuhusu kuku ilitoka kwa Kijerumani mwaka 1922. Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Alikosana na Kristine Bonnevie, mwanamke wa kwanza kuwa profesa nchini Norwei, ambaye awali alimsaidia, na njia yake katika chuo kikuu cha huko ikaziba. Hivyo wataalamu wa Ujerumani na Marekani walijenga juu ya kazi yake wakati yeye hana nafasi kwao. Aliandika pia mashairi.

Mwanawe, Dag, alikuwa mtaalamu wa muziki aliyeandika juu ya mtunzi Edvard Grieg.