Fred Duesenberg na Mafuta ya Breki

Askari akabidhiwapo usukani hukabidhiwa pia roho za wenzake. Kwa hiyo leo twawaletea wasomaji wetu habari za marehemu Fred Duesenberg, fundi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1876 na kuhamia Marekani mwaka 1885.

Bwana huyo na nduguye August waliunda magari ya mashindano. Mwaka 1921 gari lao, likiendeshwa na Jimmy Murphy, lilishinda mashindano makuu ya Ufaransa huko Le Mans. Breki zake za magurudumu yote manne zilisukumwa na glisirini iliyochanganywa na maji. Mwaka ule ule breki za namna hiyo zikatiwa katika gari lao la barabarani.

Lakini maji huchemka kwa nyuzi 100 tu. Yakigeuka mvuke, kanyagio huzama bure. Ndiyo sababu mafuta ya leo hupimwa kwa kiwango cha kuchemka: yakiwa mapya, DOT 3 yasipungue nyuzi 205 za Sentigredi, na DOT 4 nyuzi 230. Hata hivyo hunyonya unyevu wa hewa, na kiwango hicho hushuka. Wa mashindano huyabadili mara kwa mara. Sisi wa barabarani hatuna budi kutumia aina iliyoagizwa na waundaji wa gari, na kuyabadili kwa wakati.

Duesenberg aliaga dunia Julai 1932, kwa ugonjwa wa mapafu uliofuatia ajali ya gari lake katika barabara iliyolowa. Hata bingwa wa breki hakusalimika, basi tujihadhari.